Mkaa wa buku: shajara ya kikundi chetu cha vifuu, Kigamboni

Kwenye karatasi sisi ni watu wa mjini. Mkoa ni Dar es Salaam, manispaa ni Kigamboni, na tunapoishi panaitwa mtaa, pana mwenyekiti na mhuri wake. Ukija kwa miguu yako utakuta shamba. Ukishaipita Gezaulole kuelekea Kimbiji nyumba zinaanza kuachana, inaingia mihogo, mikorosho, na minazi mirefu ambayo wengi wetu tumeikuta na tutaiacha.

Kikundi kilianza kama kikoba. Tuko 23, kina mama 17, tunakutana Jumamosi saa kumi jioni chini ya mwembe, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Desemba tulipovunja kikoba tulikubaliana tusigawane mfuko wa jamii, tuutumie kwa jambo litakalotupunguzia gharama na uchafu hapa hapa tunapoishi. Mimi ni katibu. Mihutasari rasmi iko kwenye daftari la kikundi. Hapa naandika yale ambayo kwenye daftari yaliingia kwa mstari mmoja, au hayakuingia kabisa.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Ajenda ilikuwa moja: tufanye nini na laki tatu na elfu themanini.

Kaka mmoja alikuja na biogesi, na mchoro kachora. Wazo si baya. Ila mtambo wa biogesi unataka kulishwa kila siku, kinyesi na maji nusu kwa nusu, na ili nyumba moja ipike kwa raha unahitaji ng'ombe wawili watatu wa kufungia zizini. Sisi tuna kuku, mbuzi wachache, na ng'ombe mmoja wa jirani anayezurura na kula mihogo ya watu. Mchoro ukakunjwa.

Vifuu vililetwa na malalamiko. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye wote tunamwita Bi Mkubwa, alisema yeye hayajui mambo ya nishati. Anachojua ni kwamba nyuma ya kibanda cha nazi pale njia panda pana kichuguu cha vifuu, mvua ikinyesha kila kifuu kinageuka kikombe, na mjukuu wake alilazwa kwa dengi mwaka 2019. Hapo hakuna aliyebisha. Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana kweupe, hahitaji dimbwi. Kifuu kimoja chenye maji ya mvua kinamtosha kutaga. Dar es Salaam ilishapigwa na dengi mwaka 2014, ikapigwa tena 2019, na huku kwetu kila uani pana vifuu.

"Tuvichome," akasema mtu.

"Tuvichome, halafu moshi twende nao wapi?"

"Tuvichome viwe mkaa."

Ndivyo tulivyoingia kwenye mkaa mbadala. Mlango ulikuwa mbu.

Kwenye mengineyo, dada anayeuza vitumbua barabarani aliuliza: "Sasa huo mkaa mtauuza kwa kipimo gani?" Nikamwambia hilo tutaliangalia mbele ya safari, nikaandika "hoja ilipokelewa". Naiweka hapa kwa sababu itanirudia.

Jumatano, 22 Januari

Tumenunua pipa la chuma la lita 200. Tulihakikisha lilibeba mafuta ya kula, maana mapipa mengine yamebeba dawa na ukiyachoma unajivutia sumu mwenyewe. Fundi katoboa matundu chini, kakata kifuniko. Vijana wakalijaza vifuu mpaka juu, wakawasha, moto ukapanda vizuri, watu wakapiga na picha. Tulipofunika tulikuwa tumechelewa. Tukapata jivu jeupe safi, la kutosha kusugulia sufuria za mtaa mzima.

Kwenye ua wa pili alikuwa amesimama Mzee. Ujana wake wote alichoma mkaa upande wa Kisarawe na Mkuranga, sasa amevuka sabini na anajiita mstaafu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mmepika jivu."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Jumamosi, 1 Februari

Leo tumeuliza.

Kwanza akatutolea vifuu vyote vyenye unyevu, na vile ambavyo bado vina makumbi. Pipa akaliweka juu ya mawe matatu ili hewa ipite chini. Akatandika karara kavu za mnazi ndani, akawasha, akaanza na theluthi moja tu ya vifuu. Viliposhika akaongeza, akangoja, akaongeza tena. Halafu akaketi kwenye kigoda upande ambao upepo unatoka, akawa anatazama moshi.

Moshi wa kwanza ulikuwa mweupe mzito kama wa majani mabichi. "Hayo maji yanaaga. Usiguse kitu." Baada ya muda ukaingia unjano, ukawa unachoma macho na kukaba koo. Kijana mmoja akataka kufunika. Mzee akamzuia kwa mkono bila kumtazama. Ulipita kama muda wa kuchemsha maharage mpaka nusu, ndipo moshi ukaanza kupungua, ukawa mwembamba, una ubuluu, na ukitazama kupitia kwake unauona mnazi wa upande wa pili. Hapo mstaafu aliruka kama kijana. Kifuniko juu, mchanga kuzunguka chini kote, kisha udongo wa majimaji kwenye ukingo wa kifuniko, akiupaka kwa vidole kama mtu anayeziba chungu cha pilau. "Pumzi ikiingia, mali imekwenda."

Mwanachama mmoja alinong'ona, si kwa sauti ndogo sana, kwamba leo aliyemaliza miti ndiye anatufundisha mazingira. Mzee akasikia. "Watoto watano wamesoma kwa moshi huu," akasema, na akaendelea kupaka.

Tulifungua asubuhi ya pili, pipa limepoa kabisa. Vifuu vimetoka na umbo lake lile lile, vyeusi vya kung'aa, na ukigonganisha viwili vinalia kama vigae. Tuliingiza kilo 30, tukatoa kilo 8 na kidogo. Wengine walisikitika. Mzee alicheka. Tanuru la udongo la porini, akitazama vizuri, lilikuwa likimpa gunia moja kwa mti ambao angeweza kujazia magunia matatu. Na hata vitabuni ndivyo ilivyo: tanuru la kienyeji kwa kawaida hutoa kilo moja hadi mbili za mkaa kwa kila kilo kumi za kuni. Mengine yote yanakwenda na upepo.

Jumapili, 16 Februari

Kwa nini tusiuze vifuu vilivyoungua hivyo hivyo? Tulijaribu. Ni vipande vyembamba vilivyopinda, havipangiki jikoni, vinapenya kwenye matundu ya jiko na kuisha haraka. Kwa hiyo ni kutwanga.

Kinu na mchi, na baada ya nusu saa huwezi kumtambua mtu ila kwa meno. Unga wa mkaa unachekechwa, chenga zinarudi kinuni. Gundi yetu ni uji wa muhogo, na muhogo ndio tulio nao. Mara ya kwanza uji ulikuwa mzito na mwingi. Vilishikamana kweli, lakini jikoni vilitoa moshi na harufu ya ugali ulioungua. Mara ya pili tukabana uji, vikawa vinamomonyoka kwenye kiganja. Mara ya tatu, karibu kilo moja ya unga wa muhogo kwa kilo kumi na mbili za vumbi, ndipo ilipokubali. Sasa hatupimi tena kwa mizani. Unafinyanga ngumi, unafungua: donge libaki na alama za vidole lakini lisikugande.

Kalibu ni kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, na mpini wa jembe wa kusindilia. Nimeona kwenye simu mashine za kusokota mkaa kwa mkono, nzuri sana. Mweka hazina akaniuliza kama simu hiyo imeonyesha na bei.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeingia na vifuu vimefurika. Hili hatukulipanga, lakini tungekuwa na akili tungelipanga. Mwezi huu kila nyumba inataka nazi: muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, kunde za nazi, viazi vitamu, ndizi. Mashine ya kukuna nazi pale njia panda haipoi kuanzia saa tisa alasiri. Mwenye kibanda anatupigia simu yeye mwenyewe, "Njooni mniondolee uchafu wenu." Uchafu wetu, tayari. Wiki hii magunia sita.

Tumegawa kilo mbili mbili kwenye nyumba sita tuone. Majibu hayakuwa ya kutupaka mafuta.

Nyumba nne zimesema unakaa. Ukishika, unapika kunde mpaka zinaiva na bado unabandika maji ya chai, wala huhitaji kuchochea. Lakini wote sita wamelalamikia kuwasha. "Mkaa wenu mvivu," aliniambia mama mmoja, na mimi nilikuwa nimefunga, jua la saa kumi na moja, sina hamu ya kubishana. Ni kweli. Donge limeshindiliwa, halina matundu ya kupitisha hewa kama mkaa wa mti, linachukua dakika kumi na tano hadi ishirini kushika. Kwa mtu aliyechelewa futari, dakika ishirini ni ugomvi wa ndoa. Dawa tuliyopata ni kuweka makumbi makavu yaliyochambuliwa chini, vipande viwili vya karara, na kuvunja donge moja moja la juu. Na kuwasha mapema. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Jambo jingine nililiona nyumba ya tano. Kulikuwa na manyunyu, wakaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha, kwa kuwa "hauna moshi". Nilipiga kelele mpaka nikaona aibu. Mkaa wowote unaowaka, wa mti au wa kifuu, unatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haionekani, haina harufu, na inaua mtu akiwa amelala. Tumekubaliana kila anayeuziwa aambiwe kwa mdomo: jiko nje, au mlango na dirisha wazi, na halilali ndani. Tusijidanganye pia kwamba tumefika kwenye nishati safi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Sisi tuko njiani, kwenye kituo cha katikati, tena tumesimama.

Alhamisi, 20 Machi

Kosa ni langu na naliandika kwa mkono wangu.

Madonge kama kilo 60, kazi ya siku nne, yalikuwa kwenye chanja yakingoja siku ya tatu ya jua. Turubai la kufunikia niliazimwa mimi, na jioni nikaliazimisha kwa jirani aliyekuwa na hitima, nikiangalia mbingu na kusema hakuna mvua. Saa nane usiku masika yakajitangaza. Nilitoka na tochi ya simu nikakuta chanja inachuruzika uji mweusi, unatiririka mpaka kwenye bustani ya mchicha ya Bi Mkubwa.

Asubuhi hakuna aliyenigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Bi Mkubwa alisema tu mchicha wake sasa una wanja.

Tulichota tulichoweza, tukakausha upya, tukapata kama nusu. Kwa siku mbili vijana wamejenga banda la kukaushia: nguzo za mikaratusi, mabati chakavu upande unaotoka mvua, na juu nailoni nyeupe ya kupitisha jua. Chini ni wazi ili upepo upite. Mvua za siku nzima bado zinatushinda. Jua la siku tatu limekuwa siku saba.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, nazi zimepungua, vifuu vimerudi gunia moja na nusu kwa wiki. Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba stoo ina mifuko 31 ya kilo tano tano na tumeuza tisa, minne kati ya hiyo ikinunuliwa na wanachama wenyewe kwa huruma. Elfu sita kwa mfuko. Kwa hesabu yangu hakuna mkaa wa bei hiyo kuanzia hapa mpaka Feri. Nilikuwa nasema watu hawana mwamko.

Jioni nimepita kwa dada wa vitumbua, nimekaa kwenye benchi lake, nikamuuliza moja kwa moja kwa nini hanunui, na yeye ni mwanachama.

"Kaka katibu, mimi sina elfu sita."

"Lakini kwa mwezi unatumia zaidi ya hiyo."

"Nakwambia sina elfu sita. Naipata, lakini haiji siku moja."

Akanionyesha hela ya siku hiyo kwenye kopo la blubendi. Hii ya unga wa mchele, hii sukari, hii mafuta, hii nauli ya mtoto, hii mboga. Iliyobaki, akaitoa akaikunja: buku. "Hii ndiyo mkaa." Jioni anakwenda dukani kwa Mangi, ananunua mkaa wa buku, unapika usiku, unabaki kidogo wa chai. Kesho tena.

Halafu akaniingiza ndani kunionyesha kitu. Kwenye kona kulikuwa na kimeza kimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio na chaja. Akainua kitambaa. Chini yake ni mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo sita, na jiko lake juu limefungwa vizuri kwenye nailoni. Aliununua mwaka juzi zamu yake ya mchezo ilipofika. Alipika mwezi na siku kadhaa, gesi ikaisha, na kuujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mpigo. Buku kwa siku ni elfu thelathini kwa mwezi. Nilianza kumwambia hivyo, akanikatisha. Hesabu hiyo aliipiga kabla yangu, zamani.

Njiani kurudi nilifungua daftari nikasoma mengineyo ya tarehe 11 Januari. Hoja ilipokelewa.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, hakuna aliyesafiri, kikao kimejaa.

Kabla ya kikao nilinunua mkaa wa buku sehemu tatu tofauti, nikaupima kwa mizani ya jikoni ya binti yangu. Gramu 610, gramu 580, na kwa Mangi gramu 700 zikiwa na kokoto moja. Sisi tukishuka kidogo chini ya bei ya mfuko wetu tunaweza kutoa gramu 800 kwa buku, Mangi akabaki na mia na hamsini yake na bado tusipate hasara, mradi hatuhesabu jasho. Siku tutakapohesabu jasho tutazungumza upya.

Mifuko yote imefunguliwa. Tumetafuta kopo linalochukua gramu 800 za madonge yetu, tumelikata ukingo likae sawa, na tumetengeneza matatu: moja kwa Mangi, moja genge la chini, moja kwa dada wa vitumbua, ambaye sasa anauza na mkaa pembeni ya kikaango. Mteja anakuja na chombo chake. Kila kopo unapewa na fungu la makumbi makavu ya kuwashia, bure. Hilo la makumbi aliliongeza Mzee. Huko nyuma, anasema, mkaa mgumu kuwaka aliuuza hivyo hivyo, na kijinga cha moto juu.

Kuna wateja wanauliza kama huu ni ule wa makaa ya mawe, maana wamesikia Rafiki Briquettes wa STAMICO, shirika la madini la serikali. Tunawaambia hapana, huu ni wa nazi ya futari yenu. Wanacheka, wananunua. Wengine wanacheka tu.

Jumamosi, 17 Mei

Kwa ufupi, maana mvua imetuweka ndani.

Kazi ya kuvuna maji ya mvua imekamilika kwenye paa la madrasa. Mita za mraba 60, na kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo usiku wa milimita 20 ni lita 1,200 kabla ya kutoa zinazomwagika. Simtanki la lita 1,000 lilijaa usiku wa pili. Maji ya kwanza baada ya ukame tunayaacha yaoshe kinyesi cha kunguru kwanza. Mdomo wa tangi una wavu, kwa heshima ya mbu wa Bi Mkubwa.

Tulikwenda pia kuulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ofisi moja ilitutuma nyingine, ya pili ikaturudisha ya kwanza, tukamaliza kwa kujua kwamba kikundi cha mchanganyiko kama chetu hakimo. Kina mama wajisajili peke yao, sawa, wanaweza. Lakini Mzee wa moshi hayumo kwenye nne, wala nne, wala mbili. Nilipomweleza alisema yeye hata hivyo hakopeshwi vizuri, analipa polepole.

Jumamosi, 14 Juni

Jua limerudi, madonge yanakauka siku tatu.

Stoo ni tupu kwa mara ya kwanza. Kopo la Mangi linatoka kumi hadi kumi na tano kwa siku, la genge nusu ya hapo. Mama ntilie wa stendi ameomba kilo kumi kila Jumamosi kwa mkopo wa siku mbili, tumekubali tukiwa tunajikuna kichwa. Bado watu wengi wanachanganya, donge letu chini na mkaa wa mti juu, na huenda hiyo ndiyo namna yenyewe ya kuupika, sisi ndio tulikuwa tunawafundisha vibaya.

Mwenye kibanda cha nazi naye amefumbuka macho. Vifuu sasa ni mia tano gunia. Nilimkumbusha kwamba Machi ulikuwa uchafu wetu. Akasema Machi ilikuwa Machi. Tumelipa, na upande wa Kibada tumepata mwingine anayetoa bure, kwa sasa. Chini ya pipa kumeliwa na moto, kidole cha Mzee kinapita. Tunatafuta jingine la mafuta ya kula.

Kikao cha leo kilikuwa na jambo la dada wa vitumbua. Safari hii hakungoja mengineyo. Amewakusanya wenzake wanne wenye mitungi mitupu nyumbani. Kila mmoja atatoa buku kwa siku, siku tano za wiki, hela inalala kwenye sanduku letu lenye kufuli tatu, na kila Ijumaa inapatikana elfu ishirini na tano: mtungi wa mmoja unajazwa. Wiki tano, wote watano wanapika gesi. Kisha wanaanza upya.

Mweka hazina aliinua mkono. Hao watano ni wateja wetu wa kopo. Anataka kujua kama kikundi kinataka kutumia sanduku lake kujiua kibiashara.

Watu walinyamaza. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikujua niandike nini. Bi Mkubwa alikuwa anachambua mchicha mapajani, hakuinua macho.

"Sisi tulianza na mbu," akasema.

Imepitishwa. Wamepiga kura ya karatasi hapo hapo, kwenye kofia ya Mzee. Dada wa vitumbua ameokota namba tatu, kwa hiyo kitambaa cha kufuma kitakaa juu ya mtungi kwa karibu wiki nyingine tatu, na kesho jioni ametaka awekewe kopo moja.